Maboksi Arobaini ya Bohari Namba Tatu

Jumanne, tarehe kumi na saba Septemba, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Nataja mpaka robo saa kwa sababu wakubwa wanasema ilikuwa Jumatano. Kwenye karatasi yao wameandika Jumatano, na karatasi yao ina muhuri. Mimi sina muhuri. Ninachojua ni kwamba Jumanne hiyo foko, lile gari la kuinulia mizigo, ilikufa betri, tukasukuma paleti kwa mikono kutoka mlango wa pili mpaka meza ya ukaguzi, na mgongo wangu haujasahau.

Nilikuwa mnyapara wa makuli katika bohari namba tatu ya forodha, miaka ishirini na miwili. Shule niliishia darasa la nne na kuandika kwangu ni kwa kujikongoja, lakini boksi nalisoma kuliko hao wenye tai. Forodha wakitaka kuona ndani ya mzigo, makuli ndio tunaofungua, na wakisharidhika ni sisi tunaofunga. Wenzangu waliniita Gundi. Boksi nikilifunga mimi, hata aliyelipakia kiwandani angeapa halijaguswa. Nilikuwa napasha seloteipu moto kwa pumzi, naibandua taratibu, nairudisha kwenye alama yake ileile. Hakuna mkubwa aliyewahi kunisifu kwa hilo, lakini walipoleta wageni walinionyesha kama mnyama wa maonyesho.

Mzigo wa Jumanne hiyo ulikuwa paleti mbili za mashine za gemu, zile za kuunganisha na tivii. Maboksi arobaini. Kila boksi lilikuwa na mashine moja, pedi mbili za kuchezea, waya wa tivii, adapta ya umeme na hedifoni, vyote vimelala kwenye vitanda vyake vya karatasi ngumu. Na mwenye mzigo alikuwa binti yangu wa kumzaa.

Pale kazini hakuna aliyelijua hilo. Kwenye karatasi anatumia jina la ukoo wa mama yake, na mwenyewe alinikanya mapema. Alisema mzigo ukifika nikae mbali, hataki msaada, hataki mtu aje kusema amepitishiwa mlango wa nyuma na baba yake. Chumba alichokuwa akishonea marehemu mama yake amekipaka rangi ya bluu, ametundika tivii nane ukutani na kupanga viti. Mashine nane ni za hapo, watu waje kucheza kwa saa, na zilizobaki ni za kuuza. Alikuwa ameuza cherehani zote tatu. Nilipoiona ile ya mama yake ikitolewa nje nilikwenda kukaa chooni mpaka gari likaondoka.

Nimeshasema marehemu, basi nimalize. Mke wangu aliugua figo. Hospitali iliagiza mashine ya kusafisha damu, na mashine ikapita forodha kwa siku tatu. Lakini ile mashine ina kichujio chake cha maji, na bila kichujio hicho ni kabati tu. Kichujio kilikaa bohari namba tatu wiki tisa, kwa sababu mkubwa mmoja alisema ni kifaa cha tiba na mkubwa mwingine akasema ni kichujio cha maji kama cha jikoni, na kila mmoja alikuwa na namba yake ya ushuru, na hakuna aliyekubali kushindwa. Wiki tisa nilikizunguka na ufagio. Mke wangu tulimzika wiki ya saba. Hao wakubwa wawili, mmoja amepanda cheo na mwingine amestaafu kwa sherehe. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nina roho mbaya namjibu kwamba niliipata kazini.

Mkaguzi wa siku hiyo alikuwa kijana tuliyempachika jina la Shahada, maana hamalizi sentensi tatu bila kuitaja ya kwake. Desturi ya bohari ni kufungua maboksi matatu katika kila kumi, kuhesabu na kuyafunga. Yeye akaniambia nifungue yote arobaini, nitoe kila kitu, nipange kila aina peke yake chini, mashine huku, pedi huku, nyaya kule, ahesabu mara moja aende zake. Mzigo wa mtu mwingine ningembishia. Ningemwambia kijana, hivi havipangwi hivyo, vikitoka kwenye boksi vinapotezana. Nimewabishia wakaguzi wakubwa kuliko yeye, nikatukanwa, na nikawa sahihi.

Siku hiyo nilinyamaza. Nilijiambia, Gundi, ukifungua mdomo kuutetea mzigo huu, kesho watasema ulibembeleza mali ya mwanao. Nikafungua yote. Nilifungua kwa bidii ambayo mzigo wa mgeni haujawahi kuiona, makuli wenzangu wakawa wananitazama, na mmoja akauliza kama huyo mwenye mzigo aliwahi kuniibia mke. Kufika saa tano sakafu ilikuwa na malundo matano, na pembeni maboksi arobaini matupu yamekaa midomo wazi.

Hapo ndipo akaja Bosi wa bohari. Ni mtu wa tumbo, miwani moja machoni na nyingine kipajini, na harufu ya marashi inayofika kabla yake. Alhamisi alikuwa anakuja Mkubwa kutoka makao makuu na wapiga picha, na Bosi alitaka sakafu ing'ae. Akayaona maboksi. Akasema hizo takataka zitolewe. Nikamwambia si takataka, ni nyumba za vitu hivyo, mchana huu navirudisha ndani. Akanijibu huku anatazama simu:

"Gundi, unalipwa kubeba. Kufikiri kuna watu wake."

Shahada alikuwa hapo hapo, kalamu mdomoni. Alisikia. Makuli wanne walisikia. Tukayakanyaga maboksi yakawa bapa, tukayafunga kamba, na mkokoteni wa wanunua karatasi ukayachukua kabla ya saa nane. Mkubwa alikuja Alhamisi, akapigwa picha kwenye sakafu safi, akasema bohari hii ni mfano wa kuigwa, akala, akaondoka.

Kabla ya hapo, siku ya Jumatano, Shahada aliniletea fomu. Kulikuwa na mawakala wa forodha watatu wanapiga kelele kaunta na lori linapiga honi nje. Akanionyesha kwa kidole, saini hapa mzee, ni ya hesabu tu. Nikasaini. Sikusoma. Hilo ni langu, simtupii mtu. Juu ya saini yangu alikuwa ameandika kwamba bidhaa zimekutwa zimetawanyika, bila vifungashio vya rejareja.

Sasa, anayeamua kitu kilipe kwa namba gani ni mwanamke mmoja tunayemwita Mama Kitabu. Wiki hiyo alikuwa mafunzoni. Alirudi Jumatatu, akakuta malundo. Huyu mama hacheki, hapokei soda ya mtu, na hajawahi kuniita Gundi, ananiita mnyapara. Alizunguka malundo mara mbili na kitabu chake kwapani, kisha akatueleza kwa sauti ileile anayosomea kila kitu. Vitu vilivyokuja pamoja kwenye boksi moja, tayari kwa dukani, vinahesabiwa kitu kimoja, vinafuata namba ya mashine. Vikija vimetawanyika, kila kimoja kinakwenda kwa ndugu zake. Hedifoni kwa vitu vya sauti, adapta kwa vitu vya umeme, nyaya kwa nyaya. Pedi tu ndizo zilizobaki ukoo mmoja na mashine. Kila ukoo na kiwango chake, na kuna koo zinazolipa mpaka jasho likutoke.

Hilo lingeweza kuvumilika. Lililouma ni kwamba binti yangu alikuwa ametamka kwenye hati seti arobaini kamili, na ukaguzi haukuona hata seti moja. Kwa hiyo hati ni ya uongo. Mwenye hati ya uongo jina lake linaingizwa kwenye orodha ya wadanganyifu, haingizi tena mzigo, na asipomaliza kulipa adhabu kabla ya siku thelathini mali inakwenda mnadani. Mzigo uliingia tarehe kumi na mbili Septemba. Hesabu mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata binti yangu alikuja kaunta. Mimi nilikuwa nimeitwa kuleta sampuli kwenye toroli, mashine moja na pedi moja, kwa hiyo nilikuwa nyuma ya kaunta upande wa wakubwa. Alionyesha picha kwenye simu, maboksi yamepangwa huko yalikotoka. Shahada akamwambia picha kila mtu anapiga, shahada yake haikumfundisha kuamini picha. Mama Kitabu akamsomea ripoti ya ukaguzi mpaka mwisho, na mwishoni akasoma cheo cha aliyeshuhudia. Mnyapara wa makuli.

Binti yangu akageuka. Kuna uso anaoutumia kwa watu wasiomjua, uso wa dukani, na ndio aliouvaa.

"Mzee, hii saini ni yako?"

Nikasema ni yangu.

"Ulivikuta vitu vyangu vimetawanyika?"

Bosi alikohoa nyuma yangu. Nikasema nilisaini hesabu.

"Sikuuliza hesabu, mzee."

Nikatazama magurudumu ya toroli. Wakala mmoja kwenye foleni akasema dada asijisumbue, huyo hata jina lake analisoma kwa kukisia. Foleni nzima ikaangua kicheko, na Shahada akacheka zaidi yao. Binti yangu akakusanya karatasi zake moja moja, akazigonga kwenye kaunta zikae sawa kama alivyokuwa akifanya mama yake na vitambaa, akatoka. Nilijua kwamba pale, kwa neno moja, ningeweza kumtetea. Nilijua pia kwamba nikisema neno hilo nitamwaga unga, na mtu wa miaka hamsini na tisa hapewi unga mwingine. Niliuchagua unga. Na sikuupata hata huo, kama utakavyoona.

Jioni nilimkuta amekaa kwenye chumba cha bluu, mbele ya tivii zisizo na kitu cha kuonyesha. Nikaanza kueleza. Habari za Bosi, za Shahada, za sakafu na picha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nilikwambia ukae mbali, baba. Kukaa mbali ni kusimama pembeni. Sikukwambia unichinje ili waone huna upendeleo."

Nikasema nililazimishwa. Nikasema pale ndani hakuna mwenye kauli ila wao.

"Hivyo hivyo ulivyosema kwa mama. Kichujio chake kipo mbele yako, na wewe umeshika ufagio."

Tangu mazishi hakuwahi kulitamka. Alikuwa amelitunza miaka mitatu. Jibu pekee nililonalo ni kwamba wale waliokuwa na kalamu walikuwa wawili na mimi nilikuwa na ufagio mmoja. Lakini hilo ni jibu la kuwapa wao. Yeye hakuwa anauliza kuhusu wao.

Alikata rufaa. Tarehe mbili Oktoba, Jumatano, kamati ilikaa ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye kiyoyozi na meza ndefu inayong'aa kama jeneza la tajiri. Alikuwapo Mwenyekiti kutoka makao makuu, mtu mpole wa sauti ambaye upole wake unakuchelewesha. Alikuwapo Bosi, Mama Kitabu, Shahada, na katibu wa kuandika. Niliomba kusema. Nilisema yote, kuanzia betri ya foko mpaka mkokoteni, na kwamba Bosi ndiye aliyetoa amri. Nilisema sikusoma nilichosaini. Mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili walininyamazia nimalize, nikadhani wananisikiliza.

Bosi alikuwa ananingoja tu. Alifungua faili langu la ajira, lile la zamani lenye picha yangu nikiwa na nywele. Akasoma mahali palipoandikwa mtu wa karibu wa kuarifiwa. Akasoma jina. Kisha akasoma jina la mwenye mzigo, likawa lilelile. Akayasoma tena yote mawili, taratibu, kama mwalimu wa chekechea.

Mwenyekiti akavua miwani na kuniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo kwamba mwenye mzigo ni mwanangu. Nikamwambia hakuna aliyeniuliza. Akasema kwa upole wake kwamba ushahidi wa baba kwa mwanawe kamati haiwezi kuutegemea. Nikamwambia basi jueni ajabu yenu: niliposaini uongo mkiwa hamjui mimi ni baba, mliuamini, na ninaposema kweli mkijua mimi ni baba, hamuitaki. Akasema hiyo ni hoja ya falsafa. Shahada akaandika kitu kwenye daftari lake, labda hilo neno.

Nikakumbuka muhuri. Kila boksi linaloingia bohari namba tatu hugongwa muhuri wa mapokezi kwa chini, wa rangi ya zambarau, wenye tarehe. Haya yaligongwa tarehe kumi na mbili, moja moja, kwa sababu yaliingia kwenye paleti ambazo plastiki yake ilikuwa imechanika. Na kila boksi lina namba ya mashine yake ubavuni, ileile iliyochongwa nyuma ya mashine. Nikasema maboksi yenyewe ndiyo shahidi, na hayana mtoto. Mwenyekiti akasema vizuri, yaletwe. Bosi akasema vizuri pia, halafu akanisimamisha kazi palepale kwa kuficha undugu, akaninyang'anya kitambulisho. Glavu zangu zilibaki kwenye kabati.

Karatasi taka za mji mzima zinaishia kwenye uwanja mmoja nyuma ya barabara ya malori, kwa mama mmoja mwenye mizani kubwa kama kitanda. Nilimkuta amekalia gurudumu anakula karanga. Nikamweleza ninachotafuta.

"Wiki mbili zilizopita watu wenu walinibembeleza niyaondoe bure," akasema. "Leo yamekuwa mali ya urithi?"

Nikamwambia ndiyo, yamekuwa. Akacheka, akanionyesha marobota mawili yaliyofungwa kwa waya, marefu kunipita. La tatu lilikuwa limeshaondoka kwenda kiwandani. Haya mawili yalibaki kwa sababu lori lao lilikaa na pancha wiki nzima. Akasema nikikata waya nitamfungia upya kwa mkono, maana mashine yake ya kugandamiza haianzi kazi kwa ajili ya mwendawazimu mmoja. Nikakubali.

Siku ya kwanza nilitoa maboksi kumi na moja. Mengine yamelowa mchuzi wa watu, mengine yamekanyagwa na tairi. Siku ya pili, saa mbili asubuhi, binti yangu akaja amevaa gauni la kufagilia. Hakunisalimu. Alikaa upande wa pili wa robota na kisu cha jikoni, akaanza kuchambua. Hatukuongea ila namba. Akiliona boksi anasoma namba nne za mwisho, nami natafuta kwenye orodha aliyonakili kutoka hati yake, nasema lipo, na analiweka upande. Mchana yule mama wa karatasi akatuuliza kama sisi ni mtu na mkwewe, maana watu wa damu moja hawanyamaziani hivyo. Binti yangu akasema huyu ni baba yake, ndivyo alivyo. Akamwambia "ndivyo alivyo" kama mtu anayeeleza mlango unaokwama.

Tulipata thelathini na moja. Tisa yalikuwa kwenye lile robota lililokwenda kiwandani, na kiwandani yameshakuwa uji.

Niliyasimamisha upya maboksi yale kwenye chumba cha bluu, juu ya viti vyake. Mtu angedhani ningefanya ufundi wangu wote. Sikufanya. Nilibandika seloteipu pale tu palipohitaji kusimama, nikaacha kila mkunjo wa kiatu na kila mchaniko uonekane. Katika maisha yangu hayo ndiyo maboksi ya kwanza niliyofunga ili mtu ajue yalivunjwa.

Kamati ilikaa tena Jumanne, tarehe nane Oktoba. Mlinzi wa lango alinizuia, sina kitambulisho, nimesimamishwa. Binti yangu akamwambia hajaja na mtumishi wa forodha, amekuja na kuli wake wa kumbebea. Mlinzi alinitazama, tunafahamiana miaka kumi, akaandika kwenye daftari la wageni: kuli mmoja. Nikapanda ngazi mara sita na maboksi mgongoni, maana lifti ni ya wakubwa.

Mama Kitabu hakumwachia mtu kazi ile. Aliagiza mashine ziletwe, akavaa miwani, akasoma namba nyuma ya mashine, akasoma namba ubavuni mwa boksi, akaligeuza boksi akatazama muhuri. Kisha mashine inayofuata. Thelathini na moja. Ilichukua saa nzima. Muhuri ulikuwa wa zambarau na tarehe ilikuwa kumi na mbili Septemba kwenye kila moja.

Bosi akasema thelathini na moja si arobaini. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwamba hilo nalo ni la kuzingatia. Bosi akaona amepata njia, akaendelea. Akasema muhuri unaweza kughushiwa, baba mtu kafanya kazi humu, mikono yake inajulikana kwa kuficha.

"Muhuri uko kwenye droo yako," Mama Kitabu akamwambia. "Ufunguo uko shingoni mwako. Kama umeghushiwa, umeughushi wewe."

Sikuwahi kumpenda mwanamke huyo. Hata siku hiyo sikumpenda. Lakini nilitamani mke wangu angekuwa hai nikamsimulie alivyolisema.

Akafungua kitabu chake, kisha akakifunga bila kusoma. Akasema yeye aliamua kwa alichokiona sakafuni. Kama vitu vilikuja ndani ya maboksi, basi ni seti, mwenye mzigo alitamka kweli, na uamuzi wake yeye ulikuwa na kasoro. Yuko tayari kuufuta kwa mkono wake mwenyewe, seti zote arobaini, hata tisa zisizo na maboksi, maana hakuna mwenye akili atakayesema tisa zilisafiri uchi katikati ya wenzake. Nilimwona binti yangu akishika ukingo wa kiti.

Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba kuna kanuni. Ripoti ya ukaguzi inasema vitu vilikutwa bila maboksi. Ripoti haiwezi kusahihishwa bila kuandikwa ni nani aliyeyaondoa na kwa idhini gani. Pasipo jina, ripoti inabaki, na ripoti ikibaki, uamuzi unabaki. Nafasi ya jina ipo kwenye fomu, ni mstari mmoja tu.

Mama Kitabu akawageukia wote mezani akauliza swali lake. Katibu akaliandika, akainua kalamu kusubiri jibu. Shahada alimtazama Bosi. Bosi alitazama kiyoyozi. Mwenyekiti alitazama saa yake ya mkononi, na mimi nikiwa mlangoni na kamba begani nikafungua mdomo. Mwenyekiti akasema kuli asubiri nje.

Leo ni Jumatatu, tarehe ishirini na moja. Siku thelathini ziliisha tarehe kumi na mbili. Tangazo la mnada limebandikwa langoni, na kwenye mstari wa kumi na nne wameandika vipande mbalimbali vya mashine za michezo. Mnada ni Jumamosi. Binti yangu amekwenda ghorofa ya tatu mara nne kuomba uamuzi, na kila mara katibu anamwonyesha kumbukumbu za kikao. Zimepigwa chapa vizuri. Hoja za Bosi zimo, za Mwenyekiti zimo, hata kukohoa kumeandikwa kama mapumziko mafupi. Wale makuli wanne waliosikia nimewafuata nyumbani mmoja mmoja. Watatu wamenipa kiti, wakaniuliza habari za mgongo, wakasema wana watoto. Wa nne hakufungua mlango, nilimwona miguu kwa chini.

Mwishoni mwa kumbukumbu kuna swali la Mama Kitabu, limeandikwa neno kwa neno, na chini yake mstari mtupu:

"Maboksi haya yaliingia humu ndani yakiwa mazima, ni nani aliyeamuru yatolewe?"